Sura ya Tisa: Pointi za Leseni na Siku ya Kukata Bima Upya

Barua ya kampuni ya bima hutangulia wiki kadhaa kabla ya mkataba wa mwaka kwisha. Siku hizi huja kwa barua pepe, na aghalabu husomwa haraka haraka: bei ya mwaka unaokwisha, bei ya mwaka unaokuja, tarehe ambayo fedha zitakatwa benki, na neno la kukutuliza kwamba usipofanya lolote bima itajirudia yenyewe. Kwa mtu anayetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee huko Leicester, au kwenye ghala la Milton Keynes, hiyo ni nafuu. Angalau jambo moja halimsubiri yeye.

Pamoja na barua hiyo huambatana karatasi nyingine ambayo wengi hawaifungui. Humo kampuni imeandika yote inayoyaamini kukuhusu: unakoishi, kazi yako, gari linalala wapi usiku, maili unazoendesha kwa mwaka, nani mwingine analiendesha. Katikati ya orodha hiyo kuna mstari unaohusu makosa ya barabarani na pointi za leseni katika miaka mitano iliyopita. Kwa wengi umeandikwa kwamba hakuna. Sura hii yote inahusu mstari huo.

Tuseme mwaka huu ulipigwa tochi. Ulikuwa unapita mtaa wa maili 20 kwa saa, ukadhani bado ni 30, kamera ikakuona, ukalipa faini ya pauni 100 na leseni ikaandikwa pointi tatu. Ulilipa, ukasahau. Sasa barua ya bima imekuja, mstari ule bado unasema hakuna, nawe unaiacha bima ijirudie. Hukuandika uongo wowote, wala hukuulizwa na mtu kwa simu. Hata hivyo sheria inaweza kukuhesabu kuwa umetoa maelezo yasiyo ya kweli. Sheria ya bima za walaji ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Uingereza nzima tarehe 6 Aprili 2013, inasema wazi kwamba kampuni ikikuomba uthibitishe au urekebishe maelezo uliyotoa zamani, nawe usifanye hivyo, kunyamaza huko kunaweza kuchukuliwa kuwa maelezo ya uongo. Hapo ndipo watu wetu wengi huumia, na huumia bila kujua ni saa ngapi walikosea.

Sababu moja ni kule tulikotoka. Aliyekulia Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar amezoea bima inayofuata gari. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, hukatwa kwa kutazama aina ya gari na kazi yake. Bima kubwa hutazama zaidi thamani ya gari. Dereva anayeshika usukani haulizwi sana ameandikiwa na trafiki mara ngapi. Akiandikiwa, hulipa faini, na habari ikaishia barabarani. Uingereza bima humpima mtu kabla ya gari. Umri wake, miaka aliyokaa na leseni, ajali alizopata, makosa aliyofanya: hayo ndiyo yanayotengeneza bei. Gari lile lile, katika barabara ile ile, mmoja hulipa pauni 500 na jirani yake hulipa 1,500, na tofauti yao iko kwenye historia zao. Anayehamia hapa na fikra ya bima ya gari hudhani kampuni inapouliza pointi inapekua yasiyoihusu. Kumbe inauliza kiini cha biashara yenyewe.

Pointi hizo hutunzwa na DVLA, ofisi ya leseni na magari iliyoko Swansea, kwa alama za herufi na namba. SP30 ni kuzidisha mwendo kwenye barabara ya kawaida, pointi tatu hadi sita. TS10 ni kupita taa nyekundu, pointi tatu. CU80 ni kushika simu mkononi huku unaendesha. Tangu tarehe 1 Machi 2017 kosa hilo lina pointi sita na faini ya pauni 200. IN10 ni kuendesha bila bima, pointi sita hadi nane. DR10 ni kuendesha ukiwa umelewa. Kampuni haziyatazami makosa haya kwa jicho moja. SP30 moja ya pointi tatu, kwa dereva mzoefu, mara nyingi haimpandishii bei kwa kiasi cha kumtisha. CU80 humtia wasiwasi mpanga bei zaidi, na IN10 na DR10 zinaweza kuzifanya baadhi ya kampuni zikatae kabisa kukuchukua. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wanaoficha huficha ile SP30 moja. Wanahatarisha kila kitu kwa ajili ya nyongeza ambayo hata hawajaiulizia.

Sasa tufike kwenye mtego mkubwa, ule unaowanasa hata watu waaminifu. Kuna saa tatu zinazohesabu pointi zako, na kila moja ina muda wake.

Saa ya kwanza ni ya mahakama. Ukikusanya pointi 12 ndani ya miaka mitatu, unanyang'anywa haki ya kuendesha, kwa kawaida kwa miezi sita au zaidi. Baada ya miaka mitatu, pointi za zamani hazijumlishwi tena na mpya. Saa ya pili ni ya leseni: alama ya SP30, CU80, TS10 au IN10 hukaa kwenye kumbukumbu za DVLA miaka minne. Saa ya tatu ni ya bima. Kampuni nyingi huuliza makosa ya miaka mitano, na zina haki ya kuuliza hivyo, kwa sababu kwa sheria ya mwaka 1974 ya kuwarekebisha wakosaji, alama ya leseni kwa mtu mzima hapa England na Wales huhesabika kuwa imepitwa na wakati baada ya miaka mitano.

Tazama pengo lililopo kati ya saa ya pili na ya tatu. Katika mwaka wa tano ukifungua leseni yako kwenye tovuti ya serikali utaikuta nyeupe, haina doa. Mtu mwaminifu kabisa ataitazama, afurahi, kisha aiambie kampuni ya bima kwamba hana pointi. Na ikiwa swali lilikuwa "Je, una pointi kwenye leseni?", atakuwa amesema kweli. Lakini mara nyingi swali huwa: "Je, katika miaka mitano iliyopita umewahi kutiwa hatiani au kupewa pointi kwa kosa lolote la barabarani?" Hilo ni swali jingine, na jibu lake ni ndiyo. Kwa hiyo usijibu kwa kuitazama leseni peke yake. Soma swali linauliza muda gani, hesabu kwa tarehe, na uitunze ile barua ya faini mpaka miaka mitano itimie, kwa sababu fomu itakuuliza tarehe ya kosa, tarehe ya hukumu, alama na idadi ya pointi. Mwaka wa tano ukija, DVLA haitakukumbusha tena.

Kwa aliyekamatwa na pombe, mambo hugeuka. DR10 hukaa kwenye leseni miaka 11, na watu huteseka miaka yote hiyo wakiitangaza kwa kila kampuni. Hawalazimiki. Kwa kawaida, kama hukumu haikuwa na kifungo wala adhabu ndefu kupita miaka mitano, kosa hilo nalo hupitwa na wakati kwa miaka mitano, na baada ya hapo kampuni haina haki ya kulitumia dhidi yako hata kama bado linaonekana kwenye kumbukumbu. Sheria ya 2012 inakutaka useme, na ile ya 1974 inakuruhusu kunyamaza muda ukitimia.

Nitasimama kidogo hapa kwa ajili ya waliofika juzi. Leseni ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo hukuruhusu kuendesha miezi 12 tangu ulipohamia. Haibadilishwi moja kwa moja kuwa ya hapa. Unaanza na leseni ya kujifunzia na kufanya mitihani, ya maandishi na ya barabarani. Siku unayofaulu, hata kama umeendesha basi la Dar hadi Mbeya kwa miaka ishirini, sheria ya madereva wapya, inayotumika tangu Juni 1997, inakuhesabu kuwa mgeni wa usukani kwa miaka miwili. Ukifikisha pointi sita katika miaka hiyo, leseni hufutwa na unarudi kuanza mitihani yote upya. Kushika simu mara moja tu kunatosha. Na leseni ikishafutwa, kuendesha kana kwamba hakuna kilichotokea kunaweza kukuletea kosa la kutokuwa na bima, juu ya lile la kutokuwa na leseni. Pointi ulizopata ukiwa bado na leseni ya nyumbani nazo hazipotei: DVLA hufungua faili kwa jina lako, na zinakufuata kwenye leseni mpya. Usidhani umeanza na karatasi safi.

Kwa nini sheria inauweka uzito huu wote juu ya mdomo wa mteja? Jibu lina historia ndefu, na inafaa kuijua, kwa sababu ilianza kwa kumtetea mkata bima.

Mwaka 1760 Wafaransa waliiteka ngome ya Waingereza iitwayo Fort Marlborough, huko Bencoolen katika kisiwa cha Sumatra. Gavana wake, George Carter, alikuwa ameikatia bima London dhidi ya kutekwa na adui. Mwenye kutoa bima, Charles Boehm, akakataa kulipa: gavana, alisema, hakumweleza jinsi ngome ilivyokuwa dhaifu na jinsi Wafaransa walivyoweza kuja. Kesi ikaamuliwa mwaka 1766 na Lord Mansfield. Alieleza kwamba anayetoa bima hutegemea anachoambiwa na anayekata, kwa kuwa habari nyingi ziko kwa anayekata, na kwa hiyo kila upande hupaswa kuwa mkweli kwa mwenzake. Kisha akampa ushindi gavana, kwa sababu hali ya ngome na ya vita ilikuwa jambo ambalo Boehm angeweza kulijua mwenyewe akiwa London. Ukweli ulidaiwa pande zote mbili.

Waliofuata waliushika upande mmoja. Sheria ya bima za baharini ya mwaka 1906 iliweka kanuni hiyo kwenye maandishi, na mahakama zikaitumia kwa bima za kila aina, hata ya gari la mwalimu wa shule. Mkata bima alitakiwa aeleze kila jambo lenye uzito, hata ambalo hakuulizwa. Akisahau moja kwa nia njema kabisa, kampuni iliweza kuufuta mkataba wote tangu mwanzo na isilipe hata senti, na jambo alilosahau halikulazimika kuwa na uhusiano wowote na ajali. Watu walinyimwa fidia kwa namna hiyo zaidi ya miaka mia moja. Naiona kuwa ni dhuluma iliyoachwa muda mrefu mno, na sheria ya 2012 ilikuja kuiondoa kwa bima za watu binafsi.

Sheria hiyo mpya haikutaki tena ukisie kampuni ingependa kujua nini. Wajibu wa kuuliza ni wao. Wajibu wako ni mmoja: kuwa mwangalifu kadiri mtu wa kawaida anavyopaswa kuwa, usitoe maelezo yasiyo ya kweli. Katika kupima uangalifu huo hutazamwa swali lilikuwa wazi kiasi gani, na wakati wa kukata bima upya hutazamwa pia kama kampuni ilikueleza vizuri umuhimu wa kujibu na matokeo ya kutojibu. Kampuni iliyoficha ombi lake kwenye ukurasa wa kumi na saba kwa maandishi ya kupofusha macho ina hoja dhaifu. Ugumu wa Kiingereza nao waweza kuzingatiwa, ila pale tu kampuni ilipojua au ilipaswa kujua kwamba una ugumu huo. Kwa hiyo kama hukuelewa swali, sema hivyo kwenye simu. Simu hizo hurekodiwa, na rekodi hiyo inaweza kuwa shahidi wako.

Ikigundulika kwamba maelezo hayakuwa ya kweli, na kwamba kampuni ingefanya uamuzi tofauti kama ingejua, sheria huuliza: ulikosa uangalifu, au ulikusudia? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua fedha.

Chukua mfano wa hesabu. Ulilipa ada ya pauni 600 bila kutaja pointi tatu. Kampuni inaonyesha kwamba ingelijua ingekutoza 800. Umelipa robo tatu ya bei uliyostahili kulipa. Gari lako limeharibika, matengenezo ni pauni 8,000. Ikiwa ulisahau tu, kampuni inaweza kukulipa robo tatu ya madai, yaani 6,000, na 2,000 utazitafuta mwenyewe. Ikiwa kampuni isingekuchukua kabisa, kama yaweza kuwa kwa mwenye IN10, inaweza kuufuta mkataba na kukurudishia ada yako, na matengenezo yote yakawa juu yako. Na ikiwa ulikusudia, au hukujali kama unachosema ni kweli au uongo, kampuni inaufuta mkataba tangu siku ya kwanza, hailipi kitu, na kwa kawaida inabaki na ada uliyolipa. Ni kampuni inayopaswa kuthibitisha kwamba ulikusudia. Lakini sheria inaanza na dhana kwamba ukiulizwa swali lililo wazi, ulijua kuwa jibu lake lina maana kwao. Kuivunja dhana hiyo si kazi nyepesi kwa mtu aliyepata barua ya faini miezi minne kabla.

Aliyegongwa na gari lako hapotezi. Tangu tarehe 1 Novemba 2019, kampuni haiwezi kuufuta mkataba baada ya ajali ili imkwepe mtu wa tatu; itamlipa. Kisha inaweza kukugeukia wewe na kukudai ilichokilipa. Jeraha la mgongo la mtu mwingine lina gharama ambayo mshahara wa ghalani hauwezi kuibeba. Wanaosema "mimi nina bima ndogo tu, gari langu bovu, nina nini cha kupoteza?" hawajalifikiria deni hilo. Tena kutoa taarifa ya uongo ili upate hati ya bima ni kosa la jinai chini ya sheria ya barabara ya mwaka 1988.

Na kuna adhabu isiyoandikwa mahakamani. Kampuni nyingi huuliza: "Je, umewahi kufutiwa bima na kampuni yoyote?" Swali hilo mara nyingi halina kikomo cha miaka. Pointi tatu zingekwisha kwa miaka mitano. Jibu la "ndiyo" kwa swali hili linaweza kukufuata muda mrefu zaidi, na bei yake ni kubwa kuliko ya pointi zenyewe.

Utasikia msibani na harusini, kutoka kwa watu wanaokupenda: "Kwa nini ujichongee? Nani atajua?" Wajibu kwa heshima, lakini usiwafuate. Kampuni nyingi sasa hukuomba namba ya leseni, na kwa namba hiyo husoma kumbukumbu za DVLA papo hapo. Nyingine hazisomi wakati wa kuuza. Husoma baada ya ajali, ukiwa umeshika karatasi za hospitali, na hapo ndipo hukuomba uwape namba ya kuiangalia leseni yako mtandaoni. Wale wasiokuuliza leo wasikupe matumaini. Ada wameshaipokea, na ukaguzi wameuweka akiba.

Kibaya zaidi ni madalali hewa. Huyu ni kijana wa mtaani, au sauti kwenye kundi la WhatsApp, anayekuahidi bima kwa nusu ya bei kwa "kujuana na watu wa ndani." Anachofanya mara nyingi ni kununua mkataba halali kwa maelezo ya uongo: anafuta pointi zako, anahamisha anwani yako kutoka Birmingham hadi kijijini, anakuongezea miaka ya uzoefu, kisha anakupa hati. Wakati mwingine hati yenyewe ni ya kughushi. Ukisimamishwa na polisi, kamera inayosoma namba za magari imeshalinganisha namba yako na daftari la bima la nchi nzima; gari huchukuliwa hapo hapo, na wewe unaondoka na faini ya pauni 300 na pointi sita. Kumbuka pia kwamba hata dalali halali aliyetumwa na wewe huhesabiwa, mara nyingi, kuwa anasema kwa niaba yako. Uongo wake ni wako. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, mtafute kwenye orodha ya Financial Conduct Authority, na ukishapewa karatasi, zisome mwenyewe.

Wengine hukwepa mapema zaidi, kwa kumwomba mke au ndugu "achukue pointi." Mwanasiasa Chris Huhne alifanya hivyo baada ya kupigwa picha na kamera kwenye barabara kuu ya M11 mwaka 2003: mkewe, Vicky Pryce, alisema ni yeye aliyekuwa akiendesha. Miaka kumi baadaye, Machi 2013, wote wawili walihukumiwa kifungo cha miezi minane. Huhne alikuwa ameshapoteza uwaziri. Chanzo chake kilikuwa pointi tatu.

Maswali machache hunijia mara kwa mara kutoka kwa wasomaji. La kwanza ni kozi ya mwendo kasi. Ukipewa nafasi ya kuhudhuria kozi badala ya pointi, ukaikamilisha, hujatiwa hatiani na huna pointi. Ukiulizwa kuhusu hatia na pointi, jibu ni hapana. Lakini kampuni chache huuliza kozi kwa jina lake, na hizo zijibu ndiyo. La pili ni dereva mwingine kwenye mkataba wako. Pointi za mumeo, mkeo au mwanao aliyetajwa humo nazo hutangazwa, na jukumu la kuuliza ni lako uliyekata bima. Muulize kabla hujajaza, hata kama ni mzee wako na unaona haya. Mwambie ni fomu inayotaka. La tatu ni pointi zilizoingia katikati ya mwaka: je, useme siku hiyo hiyo au usubiri barua? Mikataba hutofautiana. Mingine inataka uarifu mara moja, mingine inatosheka na siku ya kukata upya. Fungua kijitabu cha mkataba, sehemu ya mabadiliko unayopaswa kuiarifu kampuni.

Barua ikifika, basi, tenga nusu saa ambayo hujachoka. Ingia kwenye tovuti ya serikali kwa namba yako ya leseni, namba ya National Insurance na msimbo wako wa posta, uone DVLA wameandika nini. Weka kando yake barua za faini za miaka mitano. Rekebisha kila mstari usio sahihi, si wa pointi peke yake. Mhudumu wa wazee anayezunguka nyumba kwa nyumba kwa gari lake, kwa mfano, kwa kawaida anahitaji bima ya matumizi ya kazi, na wengi hawana. Kisha uulize bei mpya, na uulize kwingine pia. Tangu tarehe 1 Januari 2022 kampuni hairuhusiwi kumtoza mteja wa zamani bei kubwa kuliko ambayo ingemtoza mteja mpya mwenye hali ile ile, lakini kampuni moja na nyingine bado hutofautiana sana katika kuzipima pointi. Kuna zinazoisamehe SP30 moja na kuna zisizoisamehe. Hutajua mpaka useme ukweli kwa tatu au nne.

Na ukionewa, usikubali kimya kimya. Kama kampuni inakataa kulipa kwa hoja ya pointi, iombe ikuonyeshe swali lilivyoandikwa neno kwa neno, na bei ambayo ingekutoza kama ingejua. Andika malalamiko rasmi. Ina wiki nane kukujibu. Usiporidhika, una miezi sita tangu jibu lake la mwisho kulipeleka shauri kwa Financial Ombudsman Service. Huduma hiyo haikugharimu kitu, huhitaji wakili, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Ikiwa umefika hapa na unajua mkataba wako wa sasa una mstari usio wa kweli, usisubiri barua ya mwakani. Piga simu. Waeleze alama ya kosa, tarehe yake na idadi ya pointi. Wakikutajia nyongeza, ilipe au utafute kampuni nyingine. Wakisema hawawezi kuendelea nawe, waombe wakuruhusu uvunje mkataba mwenyewe kabla hawajaufuta wao, na usiendeshe mpaka bima mpya ianze. Kisha dai karatasi mpya yenye mstari uliosahihishwa, na uihifadhi.